Kama Mungu anajua, kwa nini nisome?

Juma hili haikuwa zamu yangu. Mama anayetuandikiaga mambo ya mapishi amepata mgonjwa nyumbani, nikaombwa nizibe nafasi yake. Mimi sina mapishi ya kumfundisha mtu. Sombe yangu hata watoto wangu wanailalamikia. Nitawaandikia basi juu ya swali ambalo mwanafunzi wangu aliniuliza, na ambalo limekataa kutoka kichwani mwangu.

Ninafundisha mwaka wa sita wa shule ya msingi. Ninyi mlio na mtoto mwaka wa sita mnajua hiyo ni nini: ni mwaka wa ENAFEP. Kila asubuhi ni hesabu, kila mchana ni Kifaransa, na mwalimu anahesabu siku zilizobaki kama mwanamke mja mzito. Siku hiyo tulikuwa tunarudilia sehemu, nusu na robo na theluthi, na msichana mmoja wa benchi ya pili akanyoosha mkono. Ni mtoto mpole, hasumbui.

“Mwalimu, Mungu anajua vitu vyote?”

Nikamwambia ndiyo.

“Anajua tayari nani atapita ENAFEP na nani ataanguka?”

Nikamwambia ndiyo, anajua.

“Sasa kama anajua tayari, kwa nini nisome? Nikisoma, nisiposoma, itakuwa tu vile anavyojua.”

Darasa lote lilinyamaza. Watoto 54, na hakuna aliyekohoa. Nami, mwenye diploma ya chuo cha ualimu, niliyesoma filozofia mwaka mzima na kufaulu mtihani wake, nilijibu nini? Nilisema: “Soma, acha maneno mengi.” Mtoto akashusha mkono, akainamia daftari lake. Nilirudi kwenye ubao nikaendelea na theluthi mbili, lakini sauti yangu nilikuwa ninaisikia kama ya mtu mwingine.

Jioni niliona haya. Mtoto hakuwa na ujeuri. Aliuliza swali ambalo mimi mwenyewe ninaliuliza tangu mwaka wa 2020, ila mimi sijawahi kulisema kwa sauti.

Nitalisema hapa.

Ilikuwa Alhamisi tarehe 16 Aprili 2020, juma lile la baada ya Pasaka. Masomo yalikuwa yamefungwa tangu mwezi wa tatu juu ya Korona, nasi walimu tulikuwa nyumbani bila kazi. Mdogo wangu alikuwa anapanga karibu na mto Mulongwe, chumba kimoja na sebule, na watoto wake watatu. Bwana yake alikuwa kwenye machimbo upande wa Fizi. Saa moja ya usiku akanipigia simu.

“Yaya, huku mlimani ni giza tupu, na mvua inanyesha vibaya. Naweza kuja kulala kwenu na watoto?”

Nikamjibu: “Mdogo wangu, sasa ni usiku. Mama mkwe yuko sebuleni, tumebanana. Na hii Korona, wanasema tusikusanyike. Njoo kesho asubuhi.”

“Sawa, Yaya.”

Yote niliyomwambia yalikuwa kweli. Mama mkwe alikuwa sebuleni, amelala kwenye mkeka na wajukuu wawili. Korona ilikuwepo. Lakini sababu haikuwa hiyo. Sababu ilikuwa franka 30,000. Mdogo wangu alikuwa amekopa kwenye kasha la kijani la MUSO yetu, mimi nikamsimamia kama mdhamini, na hakurudisha kwa wakati. Kwenye mkutano wa mwisho mama mweka hazina alitaja jina langu mbele ya wote. Nilikuwa bado nina uchungu. Nilitaka alale usiku mmoja akijua kwamba nimekasirika. Ni hayo tu.

Usiku ule Mulongwe ilitoka kwenye njia yake. Mnakumbuka wenyewe, sina haja ya kuwasimulia ule mngurumo, mawe makubwa kuliko gari yakibingirika katikati ya nyumba za watu. Asubuhi ya tarehe 17 maelfu ya nyumba hazikuwepo tena au zilikuwa zimejaa matope hadi dirishani. Makumi ya watu walikufa katika mji wetu. Mmoja wao alikuwa mtoto wa mwisho wa mdogo wangu. Alikuwa na miaka minne. Mdogo wangu alitoka na mmoja mgongoni na mwingine mkononi; huyo wa tatu alikuwa ameshika kitenge chake, na maji yakachukua kitenge. Tulimpata siku ya Jumamosi, chini, karibu na ziwa.

Kwenye kilio watu walituambia yale tunayoambianaga siku zote. Ni Mungu amependa. Saa yake ilikuwa imefika. Jirani mmoja Mwislamu alisema ni kadari, na alilia pamoja nasi kuliko ndugu wengi. Nami, wamama, niliyapokea maneno hayo kama mtu mwenye kiu anavyopokea maji. Kama saa yake ilikuwa imefika, basi hata angelala kwangu angekufa. Angeanguka kitandani, angeumwa usiku. Basi simu ile haikuwa kitu. Nililala juu ya neno hilo miezi mingi. Lilikuwa godoro zuri.

Halafu likaanza kunichoma, na lililolifanya linichome ni mambo ya koko mmoja wa avenyu ya mdogo wangu.

Koko huyu ni mjane, anaishi peke yake. Nyumba za kushoto na za kulia zilikwenda na maji, yake ikabaki imesimama, na kuku wake ndani. Hazikupita siku kumi, vijana wakaanza kusema: mbona ya kwake imebaki? Mnajua maneno kama hayo yanaishia wapi hapa kwetu Kivu ya Kusini. Yanaanza kwenye bomba la maji, yanaishia na mawe na petroli. Chefu wa avenyu aliogopa, akaniomba mimi kama mwalimu niende naye kuongea na vijana. Tulikwenda kwanza kutazama ile nyumba. Marehemu mumewe alikuwa amejenga juu ya msingi wa mawe unaofika kiunoni, kwenye kipande cha udongo kilichoinuka, na pale chini mto unakata kona. Maji yalikuja, yakagonga ukingo wa upande wa pili, yakapita. Hata mtoto wa mwaka wa nne angekuchorea jambo hilo.

Tuliwaonyesha vijana. Mmoja wao, tena aliyesoma, akasema: “Mwalimu, msingi tunauona. Lakini kwa nini ni yeye aliye na msingi, na kwa nini mto ulitoka usiku ule ambapo sisi tulikuwa tumelala?”

Nilikumbuka somo moja la chuoni. Mwingereza aliyeitwa Evans-Pritchard aliishi na Wazande, hao ndugu zetu wa kaskazini mwa nchi, upande wa Uele na ng’ambo ya Sudan Kusini, akaandika kitabu mwaka wa 1937. Anaeleza kwamba Wazande wanaketi chini ya ghala la nafaka ili wapate kivuli. Siku moja ghala linaanguka juu ya watu. Mzande anajua kabisa kwamba mchwa walikula nguzo. Hakuna wa kumfundisha hilo. Anachouliza ni kingine: kwa nini ghala lianguke saa ileile ambayo watu hawa wako chini yake? Hapo ndipo anapomtafuta mchawi. Mwalimu wetu alipotufundisha tulicheka kidogo, tukiwahurumia Wazande. Sasa mimi nilikuwa nimesimama juu ya mawe ya Mulongwe na kijana aliyevaa jinzi, mwenye simu mfukoni, akiuliza swali hilohilo. Na sikucheka, kwa sababu lilikuwa langu pia. Kwa nini usiku ule? Kwa nini usiku uleule ambao mimi nilikuwa na hasira ya franka 30,000?

Nilimjibu kijana kwamba mto hauna macho. Koko tulimpeleka kwa mtoto wake Kiliba, alikaa miezi miwili, akarudi akiwa mzima. Anaishi hadi leo. Lakini njiani kurudi nyumbani niliona kitu: wale waliosema “ilikuwa imeandikwa” na wale waliosema “ni koko” walikuwa wanakimbia kitu kimoja. Hakuna kati yao aliyetaka kukubali kwamba jambo linaweza kuwa lilivyo bila mtu yeyote kulikusudia.

Tuangalie mto wenyewe basi. Mulongwe, Kalimabenge, Kavimvira ni mito mifupi. Ziwa letu liko kama mita 770 juu ya bahari, na nyuma yetu milima inapanda mpaka kupita mita 3,000 kule Itombwe. Mvua ikinyesha juu, maji hayana nafasi ya kupumzika, yanashuka yakikimbia. Miti iliyokuwa inayashika tumeikata tukafanya makala, nami makala hiyo ninaipikia kila siku. Wakati wa kiangazi mto ni mwembamba, mtoto anavuka bila kulowesha magoti, basi tunajenga ndani ya njia yake, kwa sababu kiwanja huko ni rahisi na vita vimetushusha wote kutoka vijijini tukajaa mjini. Ukijua mvua ni ngapi, mteremko ni kiasi gani, miti imebaki mingapi, mwenye elimu anaweza kukuambia karibu saa ambayo maji yatafika mlangoni.

Mfaransa mmoja, Laplace, aliandika mwaka wa 1814 kwamba kama kungekuwa na akili inayojua mahali pa kila kitu duniani na nguvu zote zinazokisukuma, akili hiyo ingejua mambo yote yajayo kama vile yaliyopita. Kwake yeye hata mimi ni kama mto. Uchovu wangu, mama yule mweka hazina aliyetaja jina langu, malezi ya mama yangu aliyekuwa mkali kwa deni, vyote hivyo ni mvua iliyonyesha mlimani, na neno “njoo kesho” ni maji tu yaliyofika chini. Je, ningeweza kusema neno lingine?

Hapa wasomi wa Marekani walileta kipimo. Mwaka wa 1983 daktari Benjamin Libet alitoa habari za watu aliowakalisha kwenye kiti na nyaya kichwani. Aliwaambia: tikisa mkono wakati wowote unaotaka wewe, na kumbuka nukta ya mwanga kwenye saa ilikuwa wapi ulipoamua. Akakuta kwamba ubongo unaanza kujitayarisha karibu nusu ya sekunde kabla ya mkono kutikisika, lakini mtu anasema ameamua sehemu mbili tu za kumi za sekunde kabla. Yaani ubongo ulianza, mwenyewe akapewa habari baadaye. Wengi wakasema: mnaona, hakuna hiari, ni ndoto tu. Libet mwenyewe hakusema hivyo. Alisema katika hicho kipande kidogo kinachobaki mtu bado anaweza kuzuia.

Mimi sina nyaya za kufunga kichwani. Lakini nina watoto wanne na darasa la watoto 54, na hicho kipande kidogo ninakijua. Mtoto anamwaga mafuta ya mwisho yaliyokuwa ya kukaangia ndagala. Mkono unainuka wenyewe, sikuuamuru. Na kati ya mkono kuinuka na mkono kushuka kuna pahali. Ni padogo sana. Siku nyingine ninapaona, siku nyingine ninapita bila kupaona, mtoto analia, nami ninasema “umenifanya nikupige”. Angalieni neno hilo, wamama: umenifanya. Tunalisema kila siku. Bwana akitupiga anasema hilohilo.

Lakini sitaki kuwadanganya kwamba pahali hapo ni sawa kwa watu wote. Kuna mama anayeteka maji ya ziwa akijua kabisa kipindupindu kinatoka wapi. Amehudhuria mafundisho, anaweza kuyarudilia vizuri kuliko mimi. Bomba limekauka siku tatu, ana franka 500, na zile 500 ni za unga au za maji safi au za makala ya kuchemshia. Amechagua? Ndiyo, amechagua unga. Kisha mtoto anaharisha na watu wanamwambia ni uzembe wake. Wengine wanamwambia ni mapenzi ya Mungu. Sijui ni kauli gani kati ya hizo mbili inayomuumiza zaidi.

Padri Alexis Kagame wa Rwanda aliandika mwaka wa 1956 kitabu juu ya filozofia ya watu wetu, akitumia lugha yenyewe kama shamba la kuchimba. Anasema vitu vyote vilivyopo lugha zetu zinavigawa kwa neno moja, ntu, linalobadilisha kichwa: mtu mwenye akili ni fungu lake, kitu kisicho na akili ni fungu lake, mahali na wakati fungu lake, namna fungu lake. Sisi katika Kifuliiru na Kivira tunayo hayo: mundu, kindu, handu. Nilipokisoma nilifikiri ni mchezo wa sarufi. Baada ya 2020 nilikielewa kwa njia nyingine. Mto ni kindu. Mlima ni kindu. Mwenye kuulizwa “kwa nini ulifanya?” ni mundu peke yake. Kijana wa avenyu alitaka kuuliza mto kama mundu. Nami, kwa lile godoro langu la “saa yake ilifika”, nilitaka kujificha niwe kindu.

Mwaka wa 2024 ziwa lilipanda tena, mliona wenyewe nyumba za kando zilizokuwa ndani ya maji. Mwezi wa nne, siku moja ya mvua, mdogo wangu alikuja kunisaidia kuanika ndagala zilizokuwa zinaanza kuoza ndani. Ilikuwa tarehe zilezile. Hatukuwa tumeongea juu ya simu ile hata mara moja, miaka minne. Sijui kilichonipata. Nilimwambia: “Ile siku ulipopiga simu, haikuwa mama mkwe. Ilikuwa juu ya deni.”

Hakuacha kupanga ndagala. Akasema: “Nilijua, Yaya. Niliisikia sauti yako.”

Nikalia. Akaningoja nimalize. Kisha nikamwambia yale niliyojifunza kusema: labda ilikuwa imeandikwa, labda hata ungelala kwangu. Hapo ndipo aliponiangalia kwa ukali, ambao sikuwahi kuuona kwake.

“Usiniambie hivyo. Wananiambia wote, mimi ninanyamaza, lakini wewe usiniambie. Kama yeye aliandikiwa kufa, basi na hawa wawili waliandikiwa kupona. Sasa mikono yangu ilifanya nini? Nilikimbia gizani na mmoja mgongoni na mwingine hapa, mawe yanapita, nikaanguka mara mbili nikaamka. Unataka kuniambia haikuwa mimi?”

Sikuwa na neno.

“Ulikosa,” akasema. “Uliponiambia kesho, ulikosa. Lakini hukumuua. Nami ningeweza kuja bila kuomba. Ningeweza kwenda kwa jirani wa juu. Ninazihesabu hizo milango kila usiku, Yaya, si mlango wako tu.”

Aliniambia pia kwamba anaota ndoto moja ambamo kitenge hakichaniki. Wanafika juu wote wanne, wanaketi chini ya mwembe, yeye anawahesabu. Anapoamka inamchukua muda kujua upande gani ni wa kweli. Chuoni walitufundisha juu ya Descartes, Mfaransa wa karne ya 17, aliyejiuliza anajuaje kwamba haoti akiwa ameketi karibu na moto wake. Aliuliza akiwa na joto na ameshiba. Mdogo wangu anauliza saa tisa ya usiku. Alisema anachojua ni hiki: katika ndoto hasikii uzito wa mtoto mgongoni. Usiku ule aliusikia.

Nikarudi sasa kwa mtoto wangu wa benchi ya pili, maana nilikuwa nina deni lake.

Nilijitayarisha. Nilimsoma tena Agostino, ambaye wengi mnamjua kwa mama yake Monika aliyemwombea miaka mingi. Alizaliwa mwaka wa 354 huku Afrika, katika nchi inayoitwa leo Algeria, na aliandika juu ya swali hilohilo la msichana wangu. Anasema takriban hivi: wewe unakumbuka mambo ya jana, lakini kukumbuka kwako hakukuyalazimisha yatokee, vivyo hivyo Mungu kujua ya kesho hakuyalazimishi. Nikaona ni jibu zuri, nikalitafutia mfano wa darasani.

Siku ya Jumatatu nilimwita mbele ya wote, ili wajue kwamba swali lake halikuwa baya. Nikamwambia: “Mimi nimewafundisha mwaka mzima. Ninajua nani katika darasa hili atasahau ‘s’ ya wingi katika imla ya leo.” Wakacheka, wakamgeukia kijana mmoja wa nyuma, naye akacheka pia. “Ninajua kabla hajaandika. Je, ni mimi niliyeishika kalamu yake?”

“Hapana, Mwalimu,” wakaitika wote.

Nilifurahi. Nilidhani tumemaliza. Msichana akaendelea kusimama.

“Lakini Mwalimu,” akasema, “wewe unaweza kukosea. Leo anaweza kuandika hiyo ‘s’ akakushangaza. Mungu hashangai.”

Wamama, niliangalia kupitia dirisha. Mvua ilikuwa inaanza mlimani, na watoto, kama kawaida yao tangu 2020, walikuwa wamekwisha kunyamaza na kutazama juu kwenye mabati. Hawa wa mwaka wa sita walikuwa na miaka saba, minane, usiku ule. Kila mmoja ana yake anayoyasikia mabati yakianza kulia.

Nikamwambia ukweli: kwamba hapo aliponifikisha mimi sina jibu, kwamba watu wakubwa wenye ndevu na vitabu wamefika pahali hapohapo na bado wanabishana, na kwamba akiendelea kusoma labda atafika mbele kuliko wao.

“Kwa hiyo nisome?” akauliza.

“Wewe unataka nini?”

Alifikiri kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Kijana wa nyuma alikuwa ameshaanza kuchora kitu kwenye meza. Kisha akarudi benchi ya pili, akafungua daftari kwenye ukurasa wa sehemu, akaniambia kwamba theluthi mbili na robo moja hajaelewa bado namna ya kuzijumlisha, na kama ninaweza kurudilia kabla mvua haijawa kubwa tukashindwa kusikilizana.